Sauti Ifikayo Kiwamboni: Makadirio ya Kiwango cha Sauti katika Mfereji wa Sikio Wakati wa Kupima Usikivu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa sikio halilali na njaa. Kauli hiyo inawafaa wenye masikio mazima. Wapo watu, watoto wakiwamo, ambao masikio yao hulala na njaa kila siku, na aghalabu hakuna atambuaye hadi mtoto afikie umri wa kusema na asiseme. Hapo ndipo mzazi humpeleka katika chumba kidogo chenye kuta nene, mtoto akavishwa vipokea sauti, akaambiwa atumbukize kijiti katika kikopo kila asikiapo mlio. Mpimaji huupunguza mlio hatua kwa hatua mpaka mtoto asiusikie tena, kisha huweka alama katika mchoro uitwao odiogramu. Alama hiyo ndiyo itakayotumiwa kuamua kama mtoto ana uziwi au hana, kama atapewa kifaa cha kumsaidia kusikia, na kifaa hicho kitiwe nguvu kiasi gani.

Makala haya yanakusudia kueleza alama hiyo inatoka wapi. Mpimaji anapoandika 40, ni sauti ya kiasi gani hasa iliyokifikia kiwambo cha sikio la mtoto yule? Katika vipimo vingi, hakuna aliyeipima sauti hiyo pale kiwamboni. Ilipimwa kwingine, ndani ya kikasha cha chuma, na sikio la mtoto likachukuliwa kuwa linafanana na sikio la wastani la mtu mzima. Kwa maneno mengine, nambari ya odiogramu ni makadirio.

Huenda msomaji akauliza suala hili linahusianaje na taaluma ya Kiswahili. Katika kozi za fonetiki, mwanafunzi husoma kwa kina jinsi sauti inavyotamkwa, husoma kiasi fonetiki akustika, na fonetiki masikizi hupewa kurasa chache za mwisho. Ilhali mtoto hujifunza lugha kwa kusikia kwanza, na masafa ambayo makadirio haya hukosea zaidi ndiyo yanayobeba baadhi ya konsonanti ambazo sarufi ya Kiswahili inazitegemea mno. Tutalirudia jambo hili baada ya kueleza vipimo vyenyewe.

Sifuri ya Odiometa

Sauti hupimwa kwa desibeli, jina linalotokana na Alexander Graham Bell, mtu ambaye mamake na mkewe walikuwa na ulemavu wa kusikia. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Desibeli ni uwiano: zikiongezwa 6, kanieneo ya sauti (yaani mgandamizo wa hewa unaosababishwa na sauti) huongezeka takriban maradufu, zikiongezwa 20, huzidi mara kumi. Kwa kuwa uwiano hauna maana pasipo kitu cha kulinganishia, wanafizikia walikubaliana kutumia mikropaskali 20, kiasi kinachokaribiana na sauti hafifu kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima huweza kuisikia katika masafa ya hezi 1000.

Hata hivyo, sikio la binadamu halisikii masafa yote sawasawa. Mlio mzito wa hezi 250 huhitaji kanieneo kubwa zaidi ili usikike kuliko mlio wa hezi 1000. Ili odiogramu isomeke kwa urahisi, watengenezaji wa odiometa waliipa kila safu ya masafa sifuri yake. Kwa mfano, kwa aina ya vipokea sauti viitwavyo TDH-39, vilivyotumika kwa miongo mingi, sifuri ya odiometa katika hezi 250 ni sawa na desibeli 25.5 za kanieneo. Katika hezi 1000 ni desibeli 7. Na katika hezi 4000 ni desibeli 9.5. Mpimaji akiweka 40 katika hezi 1000, chombo hutoa desibeli 47 za kanieneo. Wapi? Ndani ya kikasha cha chuma.

Kabla ya kukieleza kikasha hicho, ifahamike kwamba hata sifuri yenyewe ina historia ya mabishano. Marekani iliweka kiwango chake mnamo 1951 kwa kutegemea uchunguzi wa afya uliofanyiwa raia wake mwaka 1935 na 1936. Waingereza, walipowapima vijana wenye afya katika vyumba tulivu zaidi, waligundua kwamba sikio zima husikia sauti hafifu kuliko ilivyodhaniwa, kwa tofauti ya takriban desibeli 10. Mwaka 1964 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa pendekezo lililokaribiana na matokeo mapya, na Marekani ikabadilisha kiwango chake mwaka 1969. Mmarekani aliyekuwa na 15 katika odiogramu ya zamani alijikuta ana 25 katika mpya, na sikio lake halikupungukiwa na lolote. Mtafiti anayesoma takwimu za usikivu za kabla ya miaka hiyo hana budi kuuliza zilipimwa kwa sifuri ipi.

Kikasha na Sikio

Kikasha kinachozungumziwa ni tundu lenye ujazo wa sentimita 6 za ujazo lililochongwa ndani ya chuma, na maikrofoni chini yake. Kipokea sauti huwekwa juu, mlio hutolewa, na maikrofoni husoma kanieneo. Ujazo huo ulichaguliwa kwa kuwa unakaribiana na nafasi ya hewa inayobaki chini ya kipokea sauti kilichofunika sikio la mtu mzima. Kwa vipokea sauti vidogo vinavyoingizwa ndani ya mfereji wa sikio kwa kizibo cha sponji, hutumika kikasha cha sentimita 2 za ujazo.

Kikasha hiki ni kama pishi au kibaba cha kupimia nafaka. Pishi humwezesha muuzaji wa Lamu na mnunuzi wake kukubaliana juu ya kiasi cha mchele. Haliwaambii kama mchele huo utaishibisha nyumba ya watu watatu au ya watu kumi. Vivyo hivyo, kikasha huhakikisha kwamba odiometa ya Nairobi na ya London zinatoa mlio uleule. Mlio huo utakuwa na nguvu gani ukiingia katika sikio la mtu fulani ni jambo ambalo kikasha hakiwezi kulisema.

Sababu yake ni ya kifizikia na si ngumu kuifahamu. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, nao huishia kwenye kiwambo. Unapozibwa kwa kipokea sauti, hewa iliyomo hufungiwa. Atakayeziba tundu la pampu ya baiskeli na kusukuma mpini ataona kwamba msukumo uleule huleta mgandamizo mkubwa zaidi pale ambapo hewa iliyofungiwa ni kidogo. Ujazo ukipungua kwa nusu, kanieneo huongezeka maradufu, yaani desibeli 6. Sikio dogo hupata sauti kubwa. Sikio kubwa hupata sauti ndogo. Na odiometa huandika nambari ileile kwa yote mawili.

Tofauti haziishii katika ukubwa. Kiwambo kikiwa na tundu, sauti hupenya hadi katika uwazi wa sikio la kati, ujazo ukawa mkubwa ghafla, na kanieneo ya milio mizito ikashuka. Mgonjwa huonekana kuwa na upungufu mkubwa kuliko alio nao. Jambo hili si dogo katika nchi nyingi za Afrika ambako maradhi ya usaha sikioni ni ya kawaida miongoni mwa watoto, kwani usaha wa muda mrefu hutoboa kiwambo. Kipokea sauti kisipokaa vyema juu ya sikio, pengine kwa sababu ya misuko minene ya nywele, hereni au kilemba, hewa huvuja na milio mizito huvuja nayo. Kwa upande wa wazee, gegedu la mlango wa sikio huwa limelegea, na kipokea sauti kinaweza kuubana mfereji ukajifunga. Hapo milio mikali hukingwa na mzee huandikiwa uziwi ambao hana. Mpimaji mzoefu hukagua mambo haya yote kwa macho na mikono kabla ya kubonyeza kitufe chochote.

Sikio la Mtoto

Anayeathiriwa zaidi na makadirio haya ni mtoto mchanga. Mfereji wake ni mfupi na mwembamba, na mwanya unaobaki mbele ya kizibo ni mdogo sana. Kwa hiyo sauti iliyopimwa katika kikasha hufika kiwamboni mwake ikiwa imeongezeka kuliko ambavyo ingeongezeka kwa mtu mzima, na tofauti kati ya wawili hao huweza kufikia desibeli 10 au zaidi, hasa katika masafa ya juu.

Chukua mfano wa mtoto wa miezi sita ambaye kizingiti chake cha usikivu katika hezi 4000 kimeandikwa 50. Sauti iliyomfikia kiwamboni ilikuwa sawa na ile ambayo mtu mzima angeipata chombo kikiwa kimewekwa 60. Mtoto akikua, mfereji hupanuka. Akipimwa tena akiwa na umri wa miaka sita, kwa kipokea sauti kilekile, huenda akaandikiwa 60. Mzazi huona usikivu umeshuka na kuanza kutafuta kosa: labda ni homa ya mwaka juzi, labda ni dawa, labda kifaa kimemdhuru. Kumbe koklea, kile chombo chenye umbo la konokono ambamo sauti hugeuzwa kuwa ishara za neva, haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukubwa wa mfereji.

Kosa hilo lina upande wa pili, nao ndio wa hatari. Kifaa cha kusaidia kusikia nacho hupimwa katika kikasha cha sentimita 2. Kikitiwa nguvu inayomfaa mtu mzima kisha kikavishwa sikio la mtoto mchanga, hutoa sauti kubwa kupita iliyokusudiwa. Mtoto hawezi kusema kwamba inamuumiza. Hulia, hukivuta na kukitupa, na jamaa zake husema mtoto amekataa kifaa.

Suluhisho ambalo limeenea ni kupima tofauti yenyewe iliyopo kati ya sikio na kikasha. Kijibomba laini, chembamba kama uzi wa kufumia, huingizwa katika mfereji hadi karibu na kiwambo. Ncha yake ya nje imeunganishwa na maikrofoni. Sauti hupigwa sikioni, ikasomwa. Sauti ileile hupigwa katika kikasha, ikasomwa. Nambari ya pili hutolewa katika ya kwanza. Jawabu lipatikanalo ni la sikio lile moja tu, na huongezwa katika hesabu zote zinazofuata, za odiogramu na za kifaa. Richard Seewald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walichapisha utaratibu wa kuutumia upimaji huu kwa watoto wadogo mnamo 1994. Zoezi lenyewe huchukua dakika chache na hufanyika vizuri mtoto akiwa amelala.

Mtoto asipokubali, mpimaji hutumia jedwali la wastani lililopangwa kwa umri wa miezi. Hayo ni makadirio juu ya makadirio, lakini ni afadhali kuliko kumhesabia mtoto mchanga sikio la mtu mzima. Watoto wawili wa mwezi mmoja huweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa, na jedwali haliwezi kuwatenganisha.

Wimbi Lililosimama

Msomaji atadhani kwamba kuingiza maikrofoni sikioni kumemaliza tatizo. Kumelimaliza kwa milio mizito na ya kati. Kwa milio mikali, swali jipya huzuka: maikrofoni imewekwa umbali gani kutoka kwenye kiwambo?

Kamba ikifungwa mtini na kutikiswa kwa mkono, mawimbi huenda hadi mtini na kurudi. Mkono ukipata kasi fulani, mawimbi ya kwenda na ya kurudi hukutana kwa namna ambayo sehemu moja ya kamba hutulia tuli huku sehemu nyingine zikiruka juu na chini. Ndivyo inavyotokea katika mfereji. Sauti hugonga kiwambo, sehemu yake hupenya na sehemu nyingine hurudi, na mahali ambapo mawimbi mawili yanapingana kanieneo hukaribia kutoweka. Mahali hapo ni umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka kiwamboni. Ikiwa maikrofoni iko sentimita 1.5 kutoka kiwamboni na sauti husafiri mita 350 kwa sekunde katika joto la mwili, hesabu huleta takriban hezi 5800. Katika masafa hayo maikrofoni itasoma kwamba sauti ni hafifu mno, ilhali kiwamboni sauti ni kubwa.

Kwa mpimaji anayetumia kijibomba, tiba ni kukisogeza ndani hadi milimita 5 hivi kutoka kiwamboni, ambapo kosa hupungua sana. Vipo vyombo, hata hivyo, ambavyo maikrofoni yake haisogezwi. David Kemp wa London aligundua mwaka 1978 kwamba koklea iliyo salama hutoa sauti hafifu ya kwake yenyewe inapochochewa. Ugunduzi huo ulizaa njia ya kuwapima watoto wachanga bila kuwaomba jibu: kizibo huwekwa mlangoni mwa mfereji, kikatoa mlio na kusikiliza kitakachorudi. Kipaza sauti na maikrofoni vimo katika kizibo kimoja, mbali na kiwambo. Chombo kikipangwa kujirekebisha chenyewe kwa kufuata usomaji wa maikrofoni, kitaona upungufu karibu na hezi 5800 na kuongeza nguvu ili kuufidia. Jonathan Siegel wa Chuo Kikuu cha Northwestern alionyesha mnamo 1994 kwamba kosa la namna hii huweza kufikia desibeli 20, yaani sauti iliyozidi mara kumi.

Njia ya kulikwepa ni ya kupendeza. Kizibo hujaribiwa kwanza katika vijibomba kadhaa vyenye urefu unaojulikana, ili tabia yake yenyewe ifahamike. Kisha huwekwa sikioni, na kwa hesabu wimbi linalokwenda hutenganishwa na linalorudi. Chombo hurekebishwa kwa kufuata wimbi linalokwenda peke yake, ambalo halina sehemu iliyotulia. Rachel Scheperle na wenzake wa Boys Town, Omaha, walilinganisha njia hii na ile ya zamani mwaka 2008 na kuona kwamba matokeo yake hayabadilikibadiliki sana kizibo kinapohamishwa. Katika kliniki za kawaida, hata hivyo, kikasha cha chuma kingali ndicho msingi.

Konsonanti Inayopotea

Hezi 4000 hadi 8000 zinaweza kuonekana kuwa masafa ya ndege na filimbi. Kwa hakika humo ndimo makao ya /s/. Irabu za Kiswahili zina nguvu nyingi chini ya hezi 3000, nazo husikika hata kwa mwenye upungufu wa wastani. Nguvu za /s/ ziko juu zaidi, na katika sauti za wanawake na watoto hupanda kuliko katika sauti za wanaume. Patricia Stelmachowicz na wenzake, pia wa Boys Town, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watoto wenye upungufu wa kusikia huhitaji masafa mapana kuliko watu wazima ili waitambue /s/ ya mwanamke. Mtoto hushinda na mamake, shangazi na mwalimu wa chekechea. /S/ anayoihitaji zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi na uwezo wake.

Watafiti hao walikuwa wakifikiria Kiingereza, ambamo /s/ huonyesha wingi mwishoni mwa nomino. Kiswahili kina lake. Tofauti ya "nitakuja" na "sitakuja" ni konsonanti moja iliyo mwanzoni mwa neno, mbali na silabi yenye mkazo. Asiyeisikia /s/ husikia kitenzi kisicho na uhakika wa kukubali au kukanusha. "Sindano" na "shindano", "saba" na "shaba" hutenganishwa na masafa tu, kwa kuwa /sh/ hukaa chini kidogo kuliko /s/. Upatanisho wa ngeli nao umejengwa juu ya konsonanti za mwanzo: kati ya "kiti kizuri" na "viti vizuri", dalili ya wingi ni /v/, mkwaruzo dhaifu unaomezwa upesi na kelele za darasa. Ni kweli kwamba upatanisho hurudia dalili hiyo mara kadhaa katika sentensi, na hilo humsaidia msikilizaji. Kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza umoja hutokea mara moja tu.

Kwa hiyo desibeli 10 zilizokosewa katika hezi 6000 zaweza kuwa ndizo zinazoamua kama mtoto atapata si- au ataikosa. Kifaa kikitiwa nguvu pungufu, mtoto atazungumza Kiswahili chenye irabu safi na viambishi vilivyovurugika, na mwalimu atamwona mzito wa kuelewa. Nambari ikizidishwa kwa kosa, kama katika kiwambo chenye tundu, familia inaweza kuelekezwa kwenye njia isiyomfaa mtoto wao. Hili halimaanishi kwamba lugha ya ishara ni kimbilio la walioshindwa. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na mtoto kiziwi anastahili kuipata mapema. Anastahili pia uamuzi unaofanywa juu ya sikio lake mwenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapa ambayo mafundi wa vyombo hawawezi kuifanya. Baada ya milio, mgonjwa hupimwa kwa maneno, na orodha za maneno zilizozoeleka katika Kiingereza ni za silabi moja. Kiswahili kina maneno machache mno ya aina hiyo. Orodha yake haina budi kujengwa kwa maneno ya silabi mbili, yenye uwiano wa fonimu unaolingana na matumizi ya kila siku, yanayofahamika kwa mtoto wa Kwale na wa Kitale pia, na yenye jozi za kutosha za /s/, /sh/ na /f/ ili upungufu wa masafa ya juu ujitokeze. Orodha hiyo itahitaji pia kusomwa na sauti ya mwanamke, kurekodiwa, na kuambatanishwa na mlio wa hezi 1000 ambao mpimaji ataurekebishia chombo chake kabla neno la kwanza halijasikika.